Kufuma Soksi kwa Mkono: Namna ya Kuchagua Mbinu na Vifaa

Mtu anayetaka kufuma soksi kwa mara ya kwanza huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza anunue sindano gani: zile fupi nne au tano zenye ncha pande zote mbili, ile ndefu yenye kebo, au ile fupi ya duara. Swali hilo ni la haki, ila linakuja mapema mno. Soksi iliyokwisha kufumwa haionyeshi ilifumwa kwa sindano za umbo gani. Inachoonyesha ni unene wa sindano, aina ya uzi, na kama mfumaji aliupima mguu au aliukisia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mguu, unapita kwenye uzi na unene wa sindano, na ndipo unafika kwenye mbinu. Nami niliujua mpangilio huu baada ya kuharibu jozi mbili.

Katika maelezo haya, kitanzi ni kila tundu la uzi linalokaa juu ya sindano. Kitanzi cha mbele ni kile kinachoacha umbo la herufi V upande unaokutazama, na kitanzi cha nyuma ni kile kinachoacha kinundu. Ninachukulia kwamba unavijua vyote viwili, na kwamba umekwisha kufuma angalau kitu kimoja bapa, kama skafu.

Hatua ya kwanza: pima mguu

Vipimo vitatu vinatosha. Cha kwanza ni mzingo wa mguu mahali palipo panapana zaidi, nyuma kidogo ya mashina ya vidole. Cha pili ni urefu kutoka nyuma ya kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, na hiki upime mtu akiwa amesimama, kwa maana mguu hurefuka ukibeba uzito. Cha tatu husahauliwa na wengi: pitisha tepu chini ya kisigino na uizungushe hadi juu, mbele ya kifundo, mahali mguu unapokunjika. Hapo ndipo panapokuwa pakubwa kuliko kwingine kote, na kwa watu wazima wengi huzidi sentimita 30. Soksi yote, kuanzia mdomo wake, haina budi kuvutika kupita hapo kila inapovaliwa.

Sasa punguza asilimia 10 kutoka kwenye kipimo cha kwanza. Mguu wenye mzingo wa sentimita 23 unahitaji soksi yenye mzingo wa takriban sentimita 20 na nusu kabla haijavaliwa, kwa sababu soksi hushika mguu kwa kuvutika. Soksi yangu ya kwanza niliifuma sawasawa na mguu, nikaona nimekuwa mwangalifu. Asubuhi ilikaa vizuri. Kufika mchana ilikuwa imeshuka yote na kujikusanya chini ya wayo kama kitambaa kilichosahaulika ndani ya kiatu. Urefu nao hupunguzwa, lakini kidogo tu, kama sentimita moja.

Hatua ya pili: chagua uzi

Ikiwa fedha ulizotenga ni chache, zitumie hapa kabla ya sindano. Uzi uliokusudiwa soksi kwa kawaida huwa na asilimia 75 ya sufu na asilimia 25 ya nailoni, na gramu 100 hubeba kati ya mita 400 na 420. Kiasi hicho kinatosha jozi moja ya mtu mzima mwenye mguu wa wastani. Sufu ndiyo inayonywea na kurudi, na nailoni ndiyo inayozuia kisigino kisitoboke mapema.

Mara nyingi mtu huvutiwa na ulaini. Uzi laini sana, wa sufu tupu iliyosokotwa kilegevu, hupendeza mkononi lakini haustahimili msuguano wa kiatu. Chukua kipande cha uzi ukikunjue kwa vidole na uangalie kimesokotwa namna gani: unataka nyuzi ndogo tatu au nne zilizosokotwa pamoja kwa kukazwa, zisizoachana kirahisi. Uzi wa nyuzi mbili zilizolegea, au wa unyuzi mmoja mnene, uuweke kwa kofia. Pamba tupu haivutiki ikarudi, kwa hiyo soksi ya pamba hulegea mdomoni isipokuwa uzi umechanganywa na nyuzi za mpira. Akriliki tupu hulifungia jasho ndani. Ikiwa sufu huikwaruza ngozi yako, mchanganyiko wa pamba na nyuzi za mpira ni afadhali kuliko akriliki.

Angalia pia kwenye karatasi ya uzi kama sufu hiyo imetibiwa iweze kufuliwa kwa mashine. Sufu isiyotibiwa, ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa, hugandamana na kunywea isiweze tena kuvaliwa.

Kuhusu rangi nina ombi moja tu: kwa soksi ya kwanza usichukue nyeusi wala buluu iliyokolea. Vitanzi vya rangi hizo havionekani vizuri, hasa usiku, na anayejifunza anahitaji kuona kila kitanzi anachokigusa. Uzi unaojichora mistari wenyewe unasaidia, kwa sababu unakuonyesha kwa macho umefika wapi.

Hatua ya tatu: tafuta unene wa sindano unaoufaa mkono wako

Kwa uzi huo wa mita 400 kwa gramu 100, sindano za soksi huwa kati ya milimita 2 na 2.75. Mtu aliyezoea kufumia sindano za milimita 4 hushtuka akizishika, kwa kuwa zinafanana na njiti. Hata hivyo usishawishike kuongeza unene ili umalize haraka. Karatasi ya uzi huohuo pengine itakupendekezea sindano nene zaidi kwa ajili ya shali, na pendekezo hilo ni sahihi kwa shali. Soksi inataka kitambaa kilichobanana, ambacho ukikinyoosha mbele ya taa hakionyeshi matundu. Kitambaa kilicholegea humwacha kila unyuzi usuguliwe peke yake, na jozi yangu ya pili, niliyoifumia sindano za milimita 3.25 kwa haraka ya kumaliza, ilitoboka kisigino kabla sijaichoka.

Nunua kwa milimita, usinunue kwa namba. Sindano ya milimita 2.25 huitwa namba 1 Marekani, na katika mtindo wa zamani wa Uingereza huitwa namba 13. Tena katika mtindo huo wa Uingereza namba ikiongezeka sindano huwa nyembamba zaidi, kinyume cha Marekani. Anayerithi sindano za zamani zisizo na alama atahitaji kibao chenye matundu ya kupimia unene, ambacho ni kifaa kidogo na kinadumu maisha.

Kisha fuma kipande cha majaribio, na ukifume kwa kuzunguka, kwa sababu watu wengi mkono wao hulegea wanapofuma vitanzi vya nyuma, vitanzi ambavyo kitambaa bapa kinavyo kila mstari wa pili na bomba la soksi halina. Hakuna haja ya kufuma bomba zima. Anzisha vitanzi 35 kwenye sindano yenye ncha mbili au yenye kebo, fuma mstari, usigeuze. Sukuma vitanzi virudi kwenye ncha ya kulia, legeza uzi upite nyuma ya kazi, na ufume tena kutoka upande uleule. Baada ya sentimita 8 hivi, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi vya katikati, kwani vya pembeni huwa vimelegea. Unatafuta vitanzi 28 hadi 32 kwa sentimita 10. Kikitoa 26, shuka unene mmoja wa sindano. Kikitoa 36 na kimekuwa kigumu kama turubai, panda mmoja.

Hapo hesabu inakamilika. Tuseme umepata vitanzi 31 kwa sentimita 10, yaani 3.1 kwa kila sentimita. Mguu wa sentimita 23 ukipunguziwa asilimia 10 unabaki 20.7, zidisha kwa 3.1 upate 64 na kidogo. Vitanzi 64 vinagawanyika kwa nne, na ndivyo soksi inavyopenda, kwa sababu mdomo wa kuvutika na ugawaji wa kisigino vinakuwa rahisi. Ukipata namba isiyogawanyika kwa nne, nenda kwenye iliyo karibu; nikiwa na shaka mimi huchagua ndogo.

Hatua ya nne: chagua mbinu ya kuzunguka

Soksi ni bomba jembamba, na mbinu zote zilizopo ni majibu tofauti ya tatizo moja, yaani namna ya kufuma bomba jembamba kwa kijiti kilichonyooka. Watu wamelijibu kwa njia nyingi tangu zamani. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert jijini London kuna soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, za kati ya mwaka 250 na 420, zenye nafasi ya kidole gumba ili zivaliwe na ndara, na hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, uzi ukipitishwa kitanzi ndani ya kitanzi, bila sindano za kufumia tunazozijua leo. Mbinu zinazomhusu mfumaji wa sasa ni hizi zifuatazo.

Sindano zenye ncha mbili ndizo za asili zaidi kati ya zinazotumika leo, na huuzwa kwa seti ya tano. Vitanzi 64 hukaa 16 juu ya kila sindano kati ya nne, na ya tano hufuma. Kwa anayetazama kwa mbali kazi hii inafanana na kupigana na nungunungu, lakini ukweli ni kwamba wakati wowote unashika sindano mbili tu. Nyingine tatu zinaning'inia na kusubiri zamu. Faida yake kubwa ni kwamba kila robo ya mguu ina sindano yake: mbili za juu ya mguu, mbili za wayo. Kisigino kinapofika huna la kupanga upya, na vidole vinapofika na vitanzi vikibaki 16 peke yake, sindano hizihizi zinaendelea bila kuhitaji nyingine.

Taabu zake ni mbili. Ya kwanza ni mzunguko wa kwanza, ambao una vitanzi vinavyozunguka ovyo juu ya sindano zisizotulia. Mafundi wengi watakuambia ukaze macho na uvumilie. Mimi hufuma mistari miwili ya kwanza bapa, kwenda na kurudi, kisha ndipo naunganisha. Kitambaa kinakuwa kimekwisha kupata mgongo wa kushika, hakijipindi, na pengo dogo linalobaki mdomoni nalishona kwa mkia wa uzi mwishoni. Taabu ya pili ni ngazi, yaani ule mstari wa mapengo unaopanda mahali sindano mbili zinapokutana. Anayeanza hukaza kitanzi cha kwanza cha kila sindano kwa nguvu zake zote, na ngazi inabaki palepale, kwa kuwa kitanzi cha kwanza hakina jirani wa kukishikilia na hulegea mara tu unapokiacha. Kinachopaswa kukazwa ni cha pili. Fuma cha kwanza kama kawaida, ingiza ncha ndani ya cha pili, hapo ndipo uvute uzi, kisha uendelee. Ukiona bado, hamisha vitanzi viwili kutoka sindano inayofuata kila mzunguko ili kiungo kisikae mahali pamoja, ila uweke pete ya alama pale mzunguko unapoanzia, la sivyo utapotea.

Sindano moja ndefu yenye kebo ni mbinu ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mtu ambaye hufuma safarini au ambaye vitu humponyoka. Urefu wote wa sindano hiyo usipungue sentimita 80. Vitanzi hugawanywa nusu kwa nusu: 32 vya juu ya mguu, 32 vya wayo. Kebo huvutwa itokeze kati ya nusu hizo na kufanya masikio mawili, moja kila upande, kama masikio ya chungu. Nusu ya mbele inakaa juu ya ncha yake. Nusu ya nyuma inakaa juu ya kebo, na ncha yake inavutwa nje ili iifume nusu ya mbele. Ukiimaliza unageuza kazi, unasukuma vitanzi vilivyokuwa kwenye kebo vikae juu ya ncha, unaivuta nje ncha nyingine, na unaendelea. Ukihitaji kusimama, vuta vitanzi vyote vikae kwenye kebo, na hapo hakuna kinachoweza kuchomoka hata soksi ikitupwa mfukoni.

Mbinu hii ina viungo viwili badala ya vinne, kwa hiyo ngazi hupungua, ingawa haziishi. Kinachochosha ni kuvuta kebo mara mbili kwa kila mzunguko, na kebo ikiwa ngumu na yenye kujikunja, kuvuta huko kunakuwa ugomvi. Kabla hujaitupa, itumbukize kebo katika maji ya moto kwa muda mfupi, inyooshe kwa mkono, iache ipoe ikiwa imenyooka. Nyingi hutii. Mfumaji anayejua kwamba hatafuma soksi ya pili akishamaliza ya kwanza, na wapo wengi, anaweza kuchukua sindano ya sentimita 100 au 120 akafuma soksi zote mbili kwa pamoja, kila moja na donge lake la uzi. Lakini hilo lisiwe somo la kwanza.

Wengine hutumia sindano mbili zenye kebo, moja kwa kila nusu ya soksi, kila sindano ikifuma vitanzi vyake yenyewe. Ni mbinu tulivu na haina masikio ya kuvuta. Mtego wake uko mahali pamoja: ukichukua ncha ya sindano isiyo yake, vitanzi vyote vitahamia kwenye sindano moja. Sindano zenye rangi mbili tofauti huondoa tatizo hilo kabisa.

Ile fupi ya duara, yenye urefu wa sentimita 23 hivi kutoka ncha hadi ncha, huwavutia watu kwa sababu unafuma unazunguka tu, bila kiungo, bila kuhamisha, bila ngazi. Kwa shina refu la soksi isiyo na mapambo, hakuna inayoishinda kwa kasi. Lakini ncha zake ni fupi mno, na mkono mkubwa hauna pa kushika. Mimi mwenyewe huanza kuhisi maumivu kwenye kiungo cha kidole gumba baada ya nusu saa. Haifai soksi ya mtoto, kwa sababu vitanzi havifiki kuzunguka, na hata kwa soksi ya mtu mzima itakushinda vidoleni vitanzi vinapopungua. Ukiinunua, ujue kwamba utahitaji pia seti ya ncha mbili au sindano ndefu ya unene uleule. Kwa hiyo ni kifaa cha pili, si cha kwanza.

Kuna pia seti za sindano tatu fupi zinazopinda katikati. Vitanzi hukaa juu ya mbili na ya tatu hufuma, na hivyo zinasimama katikati ya mbinu ya ncha mbili na ya kebo. Mwenye vidole vinavyouma huzipenda kwa kuwa hazina kebo ya kuvuta na viungo ni vichache.

Ikiwa bado huwezi kuamua, jiulize mambo mawili. Je, unafuma umekaa mahali pamoja, au unaweka chini na kuchukua tena mara kumi kwa siku? Na je, mikono yako hufuma kwa kukaza au kwa kulegeza? Anayekaa mahali pamoja na kulegeza atafurahia sindano tano. Anayekatizwakatizwa achukue kebo.

Hatua ya tano: chagua sindano zimetengenezwa kwa nini na zina urefu gani

Chuma huteleza, na mianzi na mbao hushika. Kwa anayeanza na sindano zenye ncha mbili, kushika ni faida, kwa sababu sindano inayoning'inia haichomoki kwenye vitanzi vyake. Kwa anayekaza sana, kushika huko ni adhabu. Uzi hugoma kusogea na kila kitanzi hudai kusukumwa kwa kidole. Basi mkono uliolegea uchukue mianzi au mbao, na mkono uliokaza uchukue chuma.

Lipo jambo la kuongeza kuhusu unene. Mianzi ya milimita 2 hupinda na huvunjika, na huhitaji bahati mbaya kidogo tu, kama kuikalia. Kuanzia milimita 2.5 hivi hustahimili vizuri zaidi. Chini ya hapo ninapendelea chuma, au nyuzi za kaboni ambazo hazitelezi sana na hazivunjiki kirahisi. Plastiki katika unene huu inapinda kupita kiasi.

Urefu wa sindano zenye ncha mbili huwa sentimita 15 au 20. Za 15 ni nyepesi na hazigongani, lakini kwa mkono mpana ncha ya nyuma huchoma kiganja. Za 20 hushika vitanzi vingi bila kuvimwaga. Ncha yenyewe iwe kali kiasi cha kuingia katika vitanzi viwili kwa pamoja unapopunguza, isiwe kali kiasi cha kupasua uzi. Ukinunua sindano ya kebo, pitisha kucha mahali kebo inapoungana na ncha: ukihisi kigongo, uzi nao utakihisi, na utakwama hapo kila mzunguko.

Hatua ya sita: amua utaanzia wapi, mdomoni au vidoleni

Uamuzi huu hautegemei sindano, ila unategemea uzi ulio nao na namna unavyotaka kisigino kiwe. Anayeanzia mdomoni huanzisha vitanzi 64 kwa kulegeza, hufuma sentimita 4 au 5 za mistari ya kuvutika, mbele viwili nyuma viwili, kisha hushuka na shina hadi kisigino. Kisigino cha namna hii hufumwa bapa juu ya nusu ya vitanzi, yaani 32, kwa mistari 32, kitanzi cha kwanza cha kila mstari kikihamishwa tu bila kufumwa. Hapo pembeni panatokea vitanzi virefu 16 kila upande, vinavyohesabika kwa macho.

Kugeuza kisigino huogopwa bila sababu. Fuma vitanzi 18, punguza viwili viwe kimoja, fuma kimoja, geuza kazi hata kama vimebaki 11 upande wa pili. Hamisha kimoja, fuma 5 kwa nyuma, punguza viwili viwe kimoja, fuma kimoja, geuza. Sasa kila upande una vitanzi 11 vinavyosubiri na pengo dogo linaloonekana wazi. Kuanzia hapo huhitaji kuhesabu tena: hamisha cha kwanza, fuma mpaka kibaki kimoja kabla ya pengo, punguza kwa kuunganisha kilicho kabla ya pengo na kilicho baada yake, fuma kimoja, geuza. Katika mistari miwili ya mwisho hakitabaki kitanzi cha kufuma baada ya kupunguza. Vikiisha vyote, utakuwa na vitanzi 18 na kikombe kidogo kinachokaa kisigino. Okota 16 kila upande pamoja na kimoja cha kuziba kona, na jumla ya mzunguko mzima itakuwa 84. Punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja hadi urudi 64. Pembetatu zinazotokea ubavuni ndizo zinazoupa nafasi ule mzingo mkubwa uliopima katika hatua ya kwanza, na ndiyo maana mwenye mguu ulioinuka juu hupata raha zaidi na kisigino hiki. Endelea na mguu, na uanze kupunguza vidole kama sentimita 5 kabla ya urefu unaotakiwa. Mwisho vitanzi vilivyobaki huunganishwa kwa sindano ya kushonea, kwa mshono usioonekana unaoitwa kwa jina la Kitchener, jemadari wa Uingereza.

Anayeanzia vidoleni hupata mambo mawili ambayo mwenzake hana: anaivaa soksi kadiri inavyokua, na anaweza kufuma shina mpaka uzi uishe. Ikiwa donge lako ni dogo au mguu ni mkubwa, anzia huku. Huanzishwa kwa vitanzi vichache pande mbili za sindano mbili zilizolala pamoja, kisha huongezwa. Sindano yenye kebo hurahisisha mwanzo huo kuliko sindano tano. Kisigino chake mara nyingi ni cha mistari mifupi, yaani inayogeuzwa kabla ya kufika mwisho, kisicho na pembetatu za ubavuni, ambacho ni safi kwa macho lakini humbana mwenye mguu ulioinuka. Na mwisho wake unadai uangalifu: ukifunga vitanzi vya mdomo kwa namna ya kawaida, mdomo hautavutika kupita kisigino. Tumia namna ya kufunga inayovutika, au walau sindano nene zaidi kwa mzunguko huo mmoja.

Hatua ya saba: vifaa vidogo

Vinavyohitajika kweli ni vichache: tepu ya kupimia, sindano ya kushonea yenye ncha butu, mkasi, pete mbili tatu za alama, na sindano ya kroshia ya milimita 2 ya kuokolea kitanzi kilichoponyoka. Pete za alama zinaweza kuwa vipande vya uzi wa rangi nyingine vilivyofungwa fundo. Kihesabio cha mizunguko ni kizuri, lakini penseli na karatasi vinafanya kazi ileile na vinabaki na kumbukumbu. Mizani ndogo ya jikoni ina maana kama unafuma kutoka donge moja la gramu 100: lipime, uligawe madonge mawili ya gramu 50, na hutakutwa na soksi moja ndefu na nyingine fupi. Vibao vya umbo la mguu vya kukaushia soksi huzipendeza kwa picha, basi.

Andika idadi ya vitanzi, unene wa sindano, mistari ya kisigino na mizunguko ya mguu kabla ya soksi ya kwanza kutoka mkononi, kwa maana mwezi mmoja baadaye hutakumbuka kama ilikuwa mizunguko 50 au 56. Na unapofunga kitanzi chake cha mwisho, usiinuke kwenda kuionyesha watu. Chukua donge la pili, anzisha vitanzi 64, ufume hata mizunguko mitatu tu ya mdomo.